Kicheko cha Siku ya Tatu

Mtani wetu hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikohoa mara moja mlangoni, akaingia, akauliza kwa sauti kama kuna aliyekufa humu ndani, maana kama hakuna basi amekuja bure. Mama alimjibu kutoka jikoni, "Tunakusubiri wewe kwanza. Sanda tumeshakununulia."

"Ya bafta au ya marekani?"

"Ya gunia."

Hapo ndipo alipokaa kitako na kuomba maji.

Yeye alikuwa Mnyamwezi na sisi Wazaramo, na baina ya makabila hayo mawili utani upo tangu enzi za misafara ya wapagazi. Ulianzaje, waulizwe wengine. Mimi ninachojua ni kwamba pale Bagamoyo mtani aliweza kukutukana sokoni mbele ya wakwe zako, akakuvua kofia, akala chakula chako, na ukinuna wewe ndiye uliyekosa adabu. Kazi yake kubwa ilikuwa msibani. Watu wakiwa wamejiinamia, yeye aliingia akamwigiza marehemu: alivyotembea, alivyokuwa mchoyo wa tumbaku, alivyokoroma. Mfiwa akicheka, mtani aliruka akasema, "Kicheko changu hicho!" na kudai jogoo. Akishadai jogoo, basi. Kicheko kina mwenyewe, wala hakuna atakayemuuliza mfiwa kwa nini amecheka. Nimelieleza hili mapema kwa sababu ndilo lililotuumiza baadaye.

Kwa kazi alikuwa fundi magodoro. Alizunguka na gunia la sufi mgongoni na sindano ndefu aliyoichomeka kwenye kofia, na sufi ile ilimganda kwenye nyusi hata akaonekana mzee kabla ya wakati. Alijua vitanda vya mji mzima. Alisema godoro halifichi kitu: anajua nani analala peke yake na ana mume, na nani analia usiku, kwa sababu sufi ya upande wa kichwa inashikana madonge. Lakini hayo aliyasema kwa jumla tu. Hakuwahi kumtaja mtu. Katika maneno yote aliyoyatapanya mjini, sijasikia hata moja lililotoka chumbani kwa mtu.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Aliyechekesha watu makaburini aliogopa makaburi, akipita huko alikaza mwendo na kusoma kila aya aliyoijua. Magodoro yake yalisifiwa mpaka Pangani, na yeye mwenyewe alilala kwenye mkeka, akidai kuwa mgongo wake hauamini kitu kilichoshonwa na Mnyamwezi. Kwa kelele zake mtu angedhani nyumbani kwake ndiye bwana. Mkewe, mwanamke mtulivu wa Kikwere kutoka Vigwaza, alimtuma maji na kuni kama anavyotumwa mtoto, naye akaenda.

Mimi aliniita Kibogoyo. Aliniita hivyo meno yangu ya mbele yalipong'oka, na yalipoota mengine hakubadilisha. Nilipomwamkia shikamoo alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeamkiwa.

Sasa santuri.

Gramafoni alikuwa nayo siku nyingi, ya kupiga hendeli, na mkewe aliishonea kitambaa cha kuifunika kama mtoto anavyofunikwa chandarua. Ilipigiwa barazani kwetu, kwa kuwa baraza yetu ilikuwa pana. Alikuwa na santuri za taarabu, za Kihindi, na moja ya kwaya ambayo hakuna aliyejua imefikaje. Kisha siku moja, miaka ile ya mwisho ya Waingereza, alirudi kutoka Dar es Salaam ameikumbatia santuri moja kifuani, ndani ya kanzu, na gunia la sufi kalisahau kwenye basi. Baharia mmoja bandarini alikuwa amempa kwa kushonewa godoro.

"Huyu ni mtu mweusi wa Amerika," alisema. "Na gitaa lake linakula umeme."

Tukacheka. Umeme mtaani kwetu ulikuwa habari ya kusimuliwa, sisi tulikuwa na taa za chemni na karabai ya harusi. Watoto tulizunguka nyuma ya gramafoni kutafuta waya. Alinipa mimi hendeli niizungushe, akaweka sindano, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyewasha fataki.

Sijui nieleze vipi. Kwanza lilikuja gitaa peke yake, na halikuwa gitaa tulilolijua. Lilivuta sauti moja mpaka ikatetemeka, likaiachia, likairudia kwa chini kidogo kama linaloona haya. Halafu mtu akaimba, sauti nzito yenye mikwaruzo, ya mtu aliyeamka asubuhi bila kupiga mswaki na ana neno la kusema. Akisema neno, gitaa linamjibu. Akisema tena, linamkatiza. Nyuma yao ngoma ilikuwa ikienda bila haraka, kama mtu anayetwanga huku mawazo yake yako kwingine. Muuza halua aliyekuwa akipita alisimama na sinia kichwani mpaka wimbo ukaisha.

"Rudia," baba akasema.

Tulirudia upande ule ule jioni ile mpaka mkewe Mtani alipotuma mtu. Tangu hapo kila alasiri ilikuwa hivyo, na upande wa pili hatukuwahi kuusikia. Kila akitaka kuigeuza, mtu alisema, ngoja, ule wa kwanza mara moja tu.

Kilichotuvuta ni nini? Maneno hatukuyajua. Nadhani hilo nalo lilisaidia. Muuza halua alisema yule bwana amefungwa jela. Mvuvi mmoja alisema hapana, huyu amechelewa kurudi nyumbani na anatafuta uongo. Mtani aliwasikiliza wote, kisha akasema lake, na bado sijasikia maelezo yanayolishinda.

"Huyu ni mtani," alisema. "Analia, lakini angalieni miguu yenu. Inacheza. Nani mwingine anaweza kukufanyia hivyo? Huyu anajizika mwenyewe na anajichekesha mwenyewe, maskini, kwa sababu huko aliko hakupata mtani."

Baba yeye hakuwa na haja ya kubahatisha. Baba alikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja pale mjini, kwa hiyo alijua Kiingereza, na alikubali kututafsiria. Kiingereza chake, lakini, chote kilikuwa cha jikoni. Alijifuta mikono kwenye kikoi kama kwenye aproni yake, akasafisha koo, akainua kidole. "Anasema supu imepoa." Gitaa likalia. "Anasema nani ameitia chumvi hii?" Kila siku ilikuwa tafsiri mpya, na kila siku mke wa yule mwimbaji alikuwa ameunguza kitu. Mama aliyasikia hayo kutoka dirishani, akapiga kelele, "Mwambie aingie jikoni mwenyewe!" Na mkewe Mtani, ambaye hakucheka ovyo, alikuwa akija kumchukua mumewe anasema maneno yale yale: "Mzee, hilo gitaa lina njaa. Lilishe au lilaze, twende nyumbani."

Naona nimeanza kufurahi, na nilikusudia kueleza jambo la majuto.

Baba alipata homa, na haikumpa muda. Tulimzika kabla ya laasiri. Mama akaingia eda katika chumba kinachotazamana na baraza, amejifunika, wanawake wamemzunguka, na kwa siku mbili hakutia kitu mdomoni. Walimletea uji, ukapoa, wakauondoa. Nilikaa miguuni pake nikaona jinsi midomo yake ilivyopasuka, nikafikiri huyu naye anakwenda.

Siku ya tatu, baada ya hitima, walimu walipokwisha kuondoka, Mtani alikuja na gramafoni kichwani. Alikuwa amechelewa. Naambiwa siku zote mbili alikaa kwake na hakushona kitu. Aliiweka barazani katikati ya wanaume, akafunua kitambaa, akapiga hendeli mwenyewe. Mzee mmoja alisema, "Mtani, leo tuhurumie." Akajibu, "Nimeitwa na marehemu. Anataka kumalizia tafsiri."

Gitaa likaanza. Ndani niliona bega la mama likishtuka chini ya nguo.

Yule bwana akaimba mstari wake wa kwanza, na Mtani akajifuta mikono kwenye kikoi, hilo niliambiwa baadaye, akasafisha koo. Sauti niliisikia mwenyewe, na ilikuwa sauti ya baba, tupu.

"Anasema nyama haijaiva."

Gitaa likajibu.

"Anasema, mke wangu, nyama haijaiva, na mimi nakwenda zangu."

Katika santuri ile kuna mahali ambapo kila kitu kinasita, gitaa, ngoma, mtu mwenyewe, kama wamesahau kinachofuata. Ni kitambo kifupi tu. Hapo ndipo mama alipocheka. Hakikuwa kicheko cha kujizuia. Kilimtoka kizima, cha tumboni, kile alichokuwa akimcheka baba kila siku dirishani, na kilipita dirisha lile lile kikawafikia wanaume wote waliokaa barazani.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amesoma Unguja, na utani aliuita ujinga wa washenzi. Aliinuka akainyanyua sindano.

"Nani amecheka humo ndani?"

Sisi ndani tukainamisha vichwa.

Akamgeukia Mtani. "Wewe uliyekaa karibu na dirisha. Umesikia mwanamke akicheka?"

Maneno matano yalihitajika pale, au hata matatu: kicheko changu hicho, nipeni jogoo. Mzaramo yeyote, hata baba mkubwa na elimu yake, asingeweza kusema kitu tena mbele ya wazee. Mtani alimtazama, akatazama dirisha, akatazama chini.

"Sijasikia kitu," alisema.

Alidhani anamficha mama. Mtu aliyezoea kufunga mdomo juu ya yaliyo chumbani mwa watu alifunga mdomo na siku ile, siku pekee aliyotakiwa kusema. Lakini watu wote walikuwa wamesikia. Akishasema yeye hajasikia, kicheko kile hakikuwa na mtani nyuma yake. Kilibaki cha mama peke yake, mjane aliyecheka siku ya tatu kwa raha zake. Mtani alifunika gramafoni yake, akajitwika, akaenda. Ndani, mama aliomba uji, akaunywa wote, na hilo nalo likasemwa mjini.

Eda ilipokwisha, baba mkubwa alikuja na wazee wawili kunichukua. Alisema mwanamke yule hatalea mtoto wa ndugu yake. Mama hakubishana. Alinifungia nguo zangu kwenye kanga, akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Nililelewa Mbegani, kwa baba mkubwa, mpaka nilipoolewa, na mama nilimwona sikukuu. Sikupigwa wala sikunyimwa chakula. Ila katika nyumba ile nilijifunza kucheka nimeziba mdomo, na mpaka leo wanangu wananitania kwa hilo.

Mama alijilaumu. Aliniambia mara moja, Idi moja, akinisuka ili nisimwone uso: "Kilinitoka tu, mwanangu. Nilimsikia baba yako." Akaendelea kusuka. Hakulisema tena.

Na Mtani alijilaumu kuliko mama. Mtu aliyekuwa akiingia bila hodi sasa alizunguka mtaa wa pili ili asipite mlangoni kwetu. Kila Idi mama alikuta mto mpya umewekwa kizingitini, umeshonwa vizuri, sufi safi isiyo na mbegu hata moja, na aliyeuweka hayupo. Mama hakuulalia hata mmoja. Aliwakalishia wageni. Misibani Mtani aliendelea kuitwa, akaenda, akakaa na wanaume wengine ameshika kidevu kama mtu wa kawaida. Watu walisema amezeeka. Gramafoni hakuna aliyeisikia tena.

Nilikutana naye sokoni nikiwa msichana, nimetumwa samaki na mke wa baba mkubwa. Nilimwona mimi kwanza, nikafurahi, nikasubiri aniite. Alivua kofia.

"Hujambo, mwanangu," alisema. "Wazima nyumbani?"

Nikamwambia wazima. Akaitikia kwa adabu, akanipisha njia. Nilisimama na samaki mkononi nikatamani anitukane. Heshima ile iliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kuambiwa na baba mkubwa. Ilikuwa kama ananiambia kwamba hana tena haki nasi.

Baadaye kidogo tulisikia wamehamia Vigwaza kwa ndugu wa mkewe. Miaka ikapita. Baba mkubwa alifariki, mimi nikarudi Bagamoyo na mume wangu, nyumba mbili kutoka kwa mama. Tukawa tunaonana kila siku, tunazungumza bei ya nazi.

Ndipo dereva mmoja wa lori alipoleta salamu kwamba mkewe Mtani amekufa.

Mama alikuwa akichambua mchele. Aliuweka ungo chini. "Tunakwenda," alisema.

Nikamwambia ni mbali, na mazishi yatakuwa yamekwisha.

"Mazishi yana watu wake. Mimi ni mtani wa yule mzee. Nani atakwenda kumchekesha, wewe?"

Tulipanda basi mpaka Dar es Salaam, tukalala kwa binamu, asubuhi tukapata lori la kwenda Chalinze likatushusha Vigwaza. Njia nzima mama alikuwa akikaza na kulegeza pindo la kanga yake mpya. Nikaelewa kwamba anaogopa, na kwamba tangu kifo cha baba hajawahi kumtania mtu.

Matanga yalikuwa yamejaa. Mtani alikaa kwenye mkeka katikati ya mashemeji zake, amekonda, nyusi nyeupe kwa kweli sasa. Alipotuona alijaribu kusimama. "Karibu, mama," alisema. "Karibu, mwanangu."

Mama hakumpa mkono wa pole. Alikanyaga mkeka wa wanaume na viatu vyake, kama mtani anavyoruhusiwa, akashika kiuno.

"Nimeambiwa hapa kuna Mnyamwezi anajifanya amefiwa," alisema. "Iko wapi gramafoni?"

Watu wakageuka. Mtani akatikisa kichwa. "Niache, mama. Ile niliifunga."

"Mimi sikukuomba. Iletwe."

Mpwa wa marehemu aliingia ndani akaitoa chini ya kitanda, na kitambaa chake kile kile, kimeoshwa. Mkewe alikuwa akikifua miaka yote hiyo, yule binti alisema. Santuri ilikuwa ndani ya kifuniko. Mama aliiweka mwenyewe. Sindano ikaparuza kabla haijakaa.

Gitaa lilianza na vumbi lake. Sikuwa nimelisikia tangu siku ile, na miguu yangu ililikumbuka kabla yangu. Mtani aliinamisha uso mpaka karibu na magoti. Yule bwana akaimba, gitaa likamkatiza, wakaendelea hivyo, na mama amesimama tu. Nikadhani ameshindwa. Kisha akajifunga kanga kiunoni kama alivyofunga marehemu, akaweka mkono mmoja shavuni, na kwa sauti ndogo, tulivu, ya Kikwere, akasema:

"Mzee, hilo gitaa lina njaa. Lilishe au lilaze, twende nyumbani."

Kila kitu kikasita ndani ya santuri, mahali pake pale pale. Na Mtani akacheka. Kilimtoka kwa nguvu hata akajishika mbavu, machozi yanamtiririka, ameinua uso, mdomo wazi.

Shemeji yake mkubwa alimtazama, akakunja uso. "Shemeji, unacheka? Udongo wa dada yetu haujakauka."

Mtani akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Kicheko changu hicho!" mama akapiga kelele, akaruka mbele ya yule shemeji. "Mmesikia wote? Changu! Nimekileta kutoka Bagamoyo. Nipeni jogoo wangu!"

Wazee wakaangua vicheko, mmoja akasema haya, mtani amedai, apewe, na kijana akatumwa bandani. Shemeji naye akatikisa kichwa, akatabasamu. Ilikuwa imekwisha kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Mtani hakuwa anacheka tena. Alimwangalia mama, viganja bado vimeziba nusu ya uso.

"Ni hayo tu," alisema. "Yalikuwa ni hayo tu, na sikuyasema."

"Najua," mama akasema. Akakaa kwenye mkeka karibu naye, sasa amechoka, akavua viatu. "Nilikunywa uji siku ile. Hilo hukuambiwa?"

Santuri ilikuwa imefika mwisho, inakwaruza. Kijana alirudi na jogoo, mama akampokea akamshika miguu kwenye paja lake.

"Igeuze," alimwambia Mtani. "Yule mume wangu hakuturuhusu hata siku moja kusikia upande wa pili."

Mtani aliinyanyua santuri, akaigeuza, akaifuta kwa pembe ya kanzu. Kisha akatafuta uso wangu kati ya watu.

"Kibogoyo," alisema, "unakodoa macho nini? Njoo upige hendeli."